Kamera Yenye Feni

Redio aliingia uchochoroni gazeti likiwa limeshafunguliwa, amelibeba kwa mikono miwili kama sinia la moto ambalo hajui aliweke wapi.

"Sikilizeni! Acheni mambo yenu yote msikilize! Imetoka simu yenye kamera tano."

"Tano?" Tani akashusha kikombe. Tani ni dereva wa lori, na jina lake halihitaji maelezo. Benchi analokalia ni la tatu, mawili ya kwanza yalikufa chini yake. "Tano za nini? Mimi Mungu kanipa macho mawili tu, na bado naona mambo nisiyoyataka."

"Moja ya vitu vya karibu, moja ya vitu vya mbali, moja ya gizani..."

"Na ya nne?"

Redio akalisogeza gazeti hadi likamgusa pua. "Ya nne hawajasema."

"Ya nne inaangalia unamwandikia nani ujumbe," alisema Tani. "Ya tano inampelekea mkeo."

Benchi la upande wa pili, lililotazamana na lake, likacheka. Uchochoro ule ulikuwa na upana wa hatua nne. Upande mmoja ukuta wa ghala, upande wa pili ukuta mweupe wa duka la vifaa vya umeme, na katikati jiko la mkaa, birika, na Shangazi, muuza kahawa. Mtu akinyoosha miguu kwenye benchi moja, wa benchi la pili anakunja yake. Ndiyo maana ugomvi wa pale haukuwahi kudumu. Watu hawawezi kununiana huku magoti yao yanagusana.

"Tusikimbilie kucheka," alisema Kamusi. Huyu ni mwalimu mstaafu, mwembamba, shati humkaa kama bado liko kwenye kamba. Hakuna neno lililopita mbele yake bila kukaguliwa. "Kuna swali la msingi hapa. Mtu akipigwa picha na kamera tano, amepigwa picha moja au amepigwa picha tano?"

"Huyo amepigwa tu," alijibu Shangazi bila kugeuka. "Mpelekeni hospitali."

Mwisho wa benchi, mahali ambapo ukuta wa ghala una ufa, Fundi Taratibu alitabasamu. Hakuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Alikuwa akitengeneza fremu za picha na za vioo, na alikuwa hafanyi kitu bila kukipima mara mbili. Ukimuuliza saa, husubiri kwanza mshale wa sekunde ufike juu ndipo akujibu. Siku hiyo alikuwa na kitu magotini, kimefunikwa blanketi jeusi, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu yake, kama mtu aliyempakata mtoto aliyelala baada ya kusumbua.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, na kila mmoja pale alijua ni Jumamosi gani, ila hakuna aliyetaka kuanza kulisema. Magoti ya Shangazi yalikuwa yamekataa kazi. Miaka kumi na moja ya kusimama mbele ya jiko inatosha, daktari alimwambia, na binti yake alikuwa ameshamwandalia chumba. Kesho yake asubuhi angesafiri. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwaomba wateja wake kitu, isipokuwa warudishe vikombe. Mwezi mmoja nyuma ndipo alipoomba jambo moja.

"Nataka picha," alisema siku ile. "Mimi, jiko langu, na nyinyi wote. Katika simu zenu nimo kwenye picha mia moja, na zote mia moja mimi ni mkono na birika. Binti yangu akiziona ananiuliza, mama, huo mkono ni wa nani?"

Walikuwa wamejaribu. Redio, ambaye biashara yake ni kuuza na kutengeneza simu, alirudi nyuma kutafuta nafasi mpaka kisogo kikagonga ukuta. Akapata benchi moja na nusu ya jiko. Akapanda juu ya ndoo. Akapata vipara. Akaenda mwisho wa uchochoro, akampata Tani, na nyuma ya Tani hakuna kilichoonekana tena.

"Simu haina kosa," alisema Redio siku ile. "Ukuta ndio umekosea."

Fundi Taratibu aliupima uchochoro kwa macho, ukuta hadi ukuta. Alikunywa kahawa yake, akaosha kikombe mwenyewe, na alipokuwa akiondoka akamwambia Shangazi kwa sauti ya chini, "Utaingia mzima. Nipe mpaka Jumamosi yako ya mwisho."

Sasa alilifunua blanketi.

Mabenchi yote mawili yakainama kutazama.

"Fundi," alisema Tani polepole, "hilo ni droo."

"Lilikuwa droo."

"La kabati la shemeji yetu?"

"Ameshanisamehe. Kwa nusu."

Lilikuwa sanduku pana na la kina kifupi sana, limepakwa masizi na gundi mpaka ndani kukawa kama usiku. Nyuma lilikuwa na kioo chenye ukungu, alichokisugua mwenyewe kwa unga wa msasa jioni tatu mfululizo. Mbele, katikati kabisa, kulikuwa na kijipande cha shaba chenye jicho dogo la kioo, duara kama gololi.

"Hicho ndicho kinachoona?" aliuliza Redio. "Hicho kitundu? Bwana, simu yangu ina jicho kubwa kuliko hilo, na ni ya zamani."

"Ni lenzi ya zamani zaidi," alisema Fundi. "Ilikuwa ndani ya soksi, kwenye lundo la fremu nililolichukua kwenye studio ya picha iliyofungwa. Nilidhani ni kitasa cha dirisha. Nikaishika mbele ya mshumaa, nikaona ukutani mshumaa, meza, mlango, na mimi mwenyewe ubavuni. Nikasema, hii inatazama mpaka mashavuni kwake."

"Na mbona sanduku jembamba hivi? Kamera za studio zilikuwa na tumbo la kukunjuka kama kinanda cha mkono."

"Hii inataka karatasi iwe vidole vinne tu nyuma yake. Ukizidisha unene wa njiti ya kiberiti, picha yote inaharibika. Nimeweka vipande vya kadi ngumu hapa pembeni, kimoja kimoja, mpaka ikakaa sawa."

Tani akainama. Akatazama pembeni pale. Akatazama tena.

"Hii si ree ya kopa?"

Fundi Taratibu akakohoa kidogo.

"Mwezi mzima!" Tani akasimama, na benchi likashukuru. "Mwezi mzima tunacheza karata bila ree ya kopa! Nimemwita Redio mwizi! Nimemkagua mifuko!"

"Na soksi!" alisema Redio. "Ulinivua soksi, Tani!"

"Nilihitaji kadi tatu za unene mmoja," alisema Fundi. "Nyingine mbili nilichukua zile ambazo hazina faida."

"Na hii je?" Kamusi alikuwa amekodoa macho mbele ya lenzi. Palikuwa na nyota ndogo ya bati nyembamba, yenye meno kama ya msumeno, imesimama juu ya pini. Chini yake mrija mwembamba wa mpira, na mwisho wa mrija lile puto la honi ya baiskeli. "Naona ni feni."

"Ni feni."

Kicheko kilichofuata kiliwatoa watu dukani upande wa pili.

"Kamera inasikia joto!" Redio alishika mbavu. "Jamani, wenzetu wana kamera tano, sisi tuna moja na inapepewa!"

Fundi alisubiri wamalize. Alikuwa amezoea kusubiri gundi ikauke, na watu kwake hawakuwa tofauti sana na gundi. Kisha akaeleza. Jicho pana kiasi kile, alisema, lina upendeleo: katikati ya picha linamwaga mwanga tele, pembeni linabania. Ukiliacha lifanye litakavyo, wa katikati wanaungua na wa pembeni wanabaki gizani. Ndiyo maana ikawekwa nyota. Unaminya puto, upepo unaizungusha, meno yake yanaziba katikati na kuachia pembeni. Pembe zikishashiba, unaishusha nyota, na katikati inapata zamu yake.

Tani akakuna kidevu.

"Yaani ni mgawo," alisema Tani.

"Ni mgawo."

"Basi hii kamera ina akili kuliko watu wengi wenye vyeo," alisema Tani, na akakaa chini kwa heshima.

Wakaanza kupokezana blanketi kuchungulia kwenye kioo. Redio aliingia wa kwanza, akatoka akiwa ametumbua macho.

"Tumepinduliwa! Kijiwe kimepinduliwa! Shangazi yuko juu chini, birika linaning'inia, na kahawa haimwagiki!"

Tani akaingia, akatoka na shida nyingine. "Mtu wa pembeni ananenepa. Nimemwona Kamusi pale mwisho wa benchi, ana shavu. Kamusi! Ana shavu!"

"Ni tabia ya lenzi pana," alisema Fundi. "Pembeni inavuta vitu."

"Mimi sikai pembeni," alisema Tani.

"Mimi sitoki pembeni," alisema Kamusi, akajishikilia kwenye mguu wa benchi. "Miaka sitini na minane nimekuwa mwembamba. Leo nimepata nafasi ya kuonekana mtu aliyekula."

Basi wakapangwa hivyo, Tani karibu na jiko, Kamusi na Redio kwenye ncha mbili. Redio alivua ndala zake, akaziweka vizuri mbele ya miguu ili, kama alivyosema, picha ionyeshe kwamba anazo. Fundi akaliweka sanduku juu ya miguu mitatu ya mbao, akachungulia, akaona ncha ya kiatu chake mwenyewe imeingia kwenye kona, akarudi nyuma nusu hatua mpaka mgongo ukashika ukuta. Kila kitu kilikuwemo. Ukuta wa mbele, mabenchi mawili, mfereji, jiko, na katikati, kichwa chini, Shangazi.

"Keti, Shangazi," alisema. "Ni dakika mbili."

"Dakika mbili?" Redio akaruka. "Simu inapiga picha kabla hujapepesa macho!"

"Karatasi yangu ni ya zamani, inakunywa mwanga polepole, anayetikisika inamkosa. Na hapa kuna kivuli."

"Hiyo si kupiga picha tena," alisema Kamusi akiwa amenyoosha kidole. "Neno kupiga lina ghafla ndani yake. Hiyo ni kungoja picha."

"Sitaketi," alisema Shangazi. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani. Akashika birika kwa mkono wa kulia, wa kushoto akaushusha ubavuni. "Wanaoketi hapa ni wateja. Nimesimama miaka kumi na moja, dakika mbili zitanifanya nini?"

Lakini Fundi aliona jinsi goti lake la kushoto lilivyokuwa likitetemeka chini ya gauni, na akaharakisha, kwa kadiri mtu kama yeye anavyoweza kuharakisha.

"Karatasi ni mbili tu duniani," aliwaambia. "Moja ya kunasa, moja ya kuchapia. Studio imefungwa, zinakouzwa sikujui. Na nikianza kuhesabu siwezi kusema, nikisema nitapoteza hesabu. Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja. Tulieni."

"Tumetulia," walisema wote.

Akakitoa kioo, akaingiza karatasi. Kidole chake kikapata kifuniko cha lenzi, ambacho zamani kilikuwa cha chupa ya dawa ya kikohozi. Akakifungua. Akaminya puto. Nyota ikalia *fyuuu*, ikazunguka mpaka ikawa kama sahani ya vumbi.

Moja. Mbili. Tatu.

Kumi. Uchochoro ulikuwa umenyamaza hivi kwamba mkaa ulisikika ukivunjika. Tani alikuwa amebana pumzi na shingo yake ilianza kubadilika rangi. Shangazi alitazama mbele, wima, hata mvuke wa birika ulionekana una fujo kuliko yeye.

Ishirini na moja. Ishirini na mbili.

"Zimeisha?" alinong'ona Redio, midomo haifunguki.

Ishirini na tano.

"Usiseme," alinong'ona Tani.

"Na wewe umesema."

"Nimesema usiseme."

"Hata hiyo ni kusema."

Thelathini na tatu, alihesabu Fundi, akiminya puto. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye puto, wa kushoto umeshika uzi wa kuishushia nyota. Hakuwa na mkono wa tatu wa kumziba mtu mdomo.

"Kwa hakika," alisema Kamusi kwa upole, akiwa bado amekaa kama sanamu, "hatujavunja agizo. Fundi amesema tulieni. Hakusema nyamazeni. Kutulia ni kwa mwili. Kunyamaza ni kwa kinywa."

"Kutulia ni vyote!" alisema Tani. "Mtoto akilia unamwambia tulia. Unamaanisha anyamaze!"

"Unamaanisha aache kurusha miguu."

"Na mdomo?"

"Mdomo unafuata wenyewe, ni matokeo, si maana!" Na hapo, kwa kuwa hakuna mwalimu anayeweza kutoa maana ya neno bila kidole, kidole cha Kamusi kikapanda juu. Kikafuatwa na mkono. Mkono ukafuatwa na Kamusi.

Hamsini na nne. Hamsini na tano. Fundi alitikisa kichwa kwa nguvu, akipanua macho. Hakuna aliyemtazama.

"Kaa chini, unaharibu picha!" Redio alisimama kumkalisha Kamusi.

"Wewe uliyesimama unamwambia aliyesimama akae?"

"Nyote kaeni!" Tani alisimama kuwatenganisha, na benchi, likiwa limeachiwa mzigo upande mmoja, likainuka na kurudi chini kwa kishindo. "Shangazi anasafiri kesho! Mnashindwa kutulia hata dakika mbili?"

"Kutulia au kunyamaza?" aliuliza Kamusi.

"Vyote!"

"Basi angesema vyote!"

Tisini. Fundi akauvuta uzi, nyota ikalala. Alihisi jasho likimshuka mgongoni, kati yake na ukuta. Mwezi mzima wa msasa na masizi, na mbele ya jicho lake watu walikuwa wakipitapita kama kuku walioona mwewe. Redio alikuwa peku katikati ya uchochoro. Tani alikuwa kila mahali. Angeweza kufunga lenzi, akapiga kelele, akaanza upya, lakini upya kwa karatasi ipi? Akamtazama Shangazi. Hakuwa amegeuza hata jicho. Goti lile lilikuwa limeacha kutetemeka, au alikuwa amelibana kwa nguvu za kukopa, na birika lilikuwa usawa uleule. Mia na kumi. Alihesabu kwa kumtazama yeye tu, akawaacha wengine wapite.

Mia na ishirini. Akafunga.

"Basi," alisema.

Wote wakatulia papo hapo, na wakanyamaza.

"Imetoka?" aliuliza Redio.

"Sijui," alisema Fundi Taratibu, na akafunika sanduku, akaondoka bila kunywa kahawa yake. Hilo liliwaumiza kuliko kama angewatukana.

Alirudi saa kumi jioni. Vikombe vilikuwa vimeshafungwa kwenye boksi, jiko limepoa. Watatu wale walikaa kwenye benchi moja, wamebanana, hawasemezani. Fundi alikuwa na bahasha. Hakuwapa wao. Alimpa Shangazi, akasimama pembeni akijisugua vidole vilivyonuka dawa ya kusafishia picha.

Shangazi aliivuta picha polepole. Akaisogeza mbali, kama wanavyofanya watu wasiokubali miwani.

"Ndala zangu hizi," alisema. Akapitisha kidole bila kugusa. "Gauni. Kiraka hiki hapa niliweka mwenyewe. Birika. Tazama, hata mkono wa kushoto ninao." Akainua uso. "Fundi, nimo mzima."

"Umo," alisema Fundi.

"Tuone! Tuone!" Wakamzunguka. Picha ilikuwa imekamata kila tofali la ukuta, kila kokoto mferejini, mabenchi mawili toka ncha hadi ncha. Katikati alisimama Shangazi, dhahiri kama aliyechorwa kwa sindano. Na pande zote zake palikuwa na moshi.

"Hizi ndala zangu!" alisema Redio. "Zimetoka vizuri sana. Mwenyewe niko wapi?"

"Uko hapa," Tani alionyesha alama hafifu.

"Huo ni mvuke wa birika."

"Basi hapa."

"Hapo ni wewe, Tani. Ona upana."

"Mimi? Hiki ni kitu kama chandarua kilichoanikwa!"

"Ndiyo wewe. Na pembeni huyu..." Redio alikaza macho. "Kamusi, hapa pembeni hapana mtu."

"Hapana shavu?" aliuliza Kamusi kwa unyonge.

"Hapana hata sikio."

"Fundi, rudia," alisema Tani. "Safari hii nitajifunga kwa kamba kwenye benchi. Naapa."

"Karatasi imekwisha."

"Ni kosa la neno," alisema Kamusi. "Angesema nyamazeni..."

"Tulia!" walimwambia wote wawili.

Shangazi aliirudisha picha kwenye bahasha, akaiweka kifuani ndani ya gauni, mahali ambapo hakuna atakayeomba kuiona tena. Akainama, akainua boksi la vikombe. Tani alikimbia kumpokea, akakataliwa, akakimbia tena, akaruhusiwa.

"Sasa huyo binti yako," alisema Redio akimfuata na ndala zake mkononi, "akiuliza ule moshi ni nini, utamwambia ndio sisi, sivyo? Utamtajia majina? Mimi ndiye yule wa kushoto kwa jiko, Shangazi. Umwambie. Wa kushoto!"

Shangazi alisimama mwisho wa uchochoro, akamtazama kila mmoja, kwa zamu, muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Nitamwambia ukweli, baba," alisema. "Nitamwambia siku ile ya mwisho nilifungua mapema, nikapika, nikasimama mpaka saa kumi. Na hakutokea mteja hata mmoja."